Jinsi ya kulinganisha ukali wa lenzi mbili pana bila kudanganyika

Lenzi pana, yaani ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha moja, ni rahisi sana kuipima vibaya. Katikati ya picha karibu kila lenzi inakata vizuri. Ugomvi uko kwenye kona, na kona zina tabia ya kusingizia: fokasi ikikosea kidogo, kamera ikitikisika, pete ya kufungia lenzi ikiwa na uchafu, kona ndizo za kwanza kuharibika, na lawama zote anatupiwa aliyetengeneza lenzi.

Mfano wetu hapa ni Canon EF 17-40mm f/4L USM iliyotoka 2003 na EF 16-35mm f/4L IS USM iliyotoka 2014. Zote zinafunguka hadi f/4 (namba ya tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), zote zinachukua filta ya 77 mm, na mtu anayetafuta lenzi pana iliyotumika mara nyingi hujikuta anachagua kati ya hizo mbili. Hesabu zote ni za sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) kubwa ya 36 kwa 24 mm yenye megapikseli 24, yaani pikseli 6000 kwa 4000. Mwenye lenzi nyingine abadilishe namba, njia ni ile ile.

Mashindano yawe ya haki

Kamera iwe moja kwa lenzi zote mbili. Ukitumia kamera mbili unapima kamera. Na iwe kamera ya sensa ambayo utafanyia kazi: lenzi ya sensa kubwa ukiifunga kwenye sensa ndogo, zile kona zake mbovu zinabaki nje ya picha, na utaisifu lenzi ambayo hujaiona mwisho wake.

Linalofuata ni upana. Ile 17-40 haifiki 16, kwa hiyo ile ya pili ndiyo ivutwe hadi ilingane nayo. Usiziamini namba zilizoandikwa kwenye pete ya kuvuta (zoom). Funga 17-40 ikiwa 17, bandika alama mbili ukutani pale fremu inapoishia kushoto na kulia, kisha funga 16-35 na uzungushe pete mpaka alama zikae palepale. Milimita moja huku chini si kidogo. Upana unaoonekana ukutani ni upana wa sensa mara umbali, gawanya kwa milimita za lenzi: ukiwa mita 2, lenzi ya 16 inaona 36 × 2 ÷ 16, yaani mita 4.5, ya 17 inaona kama mita 4.24. Herufi ile ile inatokea kubwa zaidi kwa asilimia 6 kwenye lenzi ya 17, na jicho litauhesabu ukubwa huo kuwa ni ukali. Ukimaliza, piga pia 16-35 ikiwa kwenye 16 kamili, kwa sababu upana huo ndio unaoulipia, lakini picha hizo ziweke kando, zisiingie kwenye mashindano.

Vua filta za UV zote. Hata filta nzuri inaongeza nyuso mbili za kioo. Ile ya bei ya chini inaweza kuitia lenzi nzuri ukungu ambao utaandikiwa jina la lenzi.

Ukuta na karatasi

Ushauri wa kawaida ni kupiga ukuta wa matofali. Matofali yanafaa kuonyesha mistari inavyopinda, lakini kwa ukali hayana kipimo: tofali moja lina mikwaruzo, jirani yake ni laini, na hujui kama kilichopotea kilikuwepo. Gazeti nalo linashindwa kwa sababu nyingine. Mita 2 kutoka ukutani, pikseli moja inafunika kama milimita 0.75 ya ukuta. Herufi ndogo ya gazeti yenye kimo cha milimita moja na nusu inapata pikseli mbili tu. Hakuna lenzi duniani itakayoisomesha, kwa hiyo lenzi zote mbili zitafeli sawasawa na utadhani zimefanana.

Tengeneza karatasi yako ya A4. Andika mistari ya herufi kubwa zilizochanganywa ovyo, kama REBKHSN, ili jicho lisibahatishe neno, na kila mstari ushuke saizi: 36, 28, 24, 20, 18, 16, 14, 12, 10. Herufi kubwa ya saizi 24 ina kimo cha karibu milimita 6, yaani pikseli 8. Ya saizi 14 ina kama milimita tatu na nusu, pikseli nne na ushee, na hapo ndipo lenzi zinapoanza kuachana. Ni kama ubao wa daktari wa macho: swali ni mstari gani wa mwisho unasomeka. Chapa zote kwa printa ya leza kutoka kwenye faili moja. Fotokopi za stesheneri hufifia karatasi hata karatasi.

Zinatakiwa karatasi 18. Sehemu ni tisa, yaani katikati, kona nne, na katikati ya kila upande, na kila sehemu inapata mbili: moja imesimama, nyingine imelazwa. Hiyo ya kulazwa si pambo. Lenzi pana nyingi pembezoni hutoa kali mistari inayoelekea katikati ya picha, halafu zinaivuruga ile inayokatiza. Ukiwa na karatasi za upande mmoja tu, lenzi moja inaweza kushinda kwa bahati ya jinsi ulivyobandika.

Kwa mita 2 unahitaji ukuta wa mita 4.5 kwa 3, hivyo tafuta ukuta wa nje wa nyumba, darasa au ghala. Ukikosa, mita moja na nusu inataka ukuta wa mita 3.4 kwa 2.25. Usisogee chini ya mita moja, maana lenzi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vya mbali na ukizipima puani hazitakuonyesha tabia zake. Bandika karatasi kingo zote nne kwa tepu ya karatasi, zisipepee. Ukuta mzima uwe kivulini. Nusu jua nusu kivuli kutakupa mshindi wa uongo, kwani herufi zilizopigwa jua daima huonekana kali.

Kusimamisha kamera

Tripodi iwe chini kwenye sakafu ngumu, nguzo ya katikati isipandishwe. Kwanza tafuta mahali: kutoka kwenye lenzi, nyoosha uzi hadi kila karatasi ya kona. Kwa mita 2 na 16 mm uzi huo ni kama mita 3.36, na kona zote nne ziwe sawa, tofauti ya sentimita moja au mbili haina neno. Kisha tafuta mwelekeo. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kilaze bapa ukutani katikati ya fremu, na utazame kwenye kiwambo cha nyuma ukiwa umekuza mara 10. Utaiona lenzi yako mwenyewe kwenye kioo. Ikiwa katikati kabisa ya fremu, kamera inautazama ukuta uso kwa uso. Ikiwa imekaa pembeni, geuza kichwa cha tripodi taratibu mpaka irudi. Pimamaji ya fundi inakusaidia kwa wima tu. Kushoto na kulia haikwambii lolote.

Baada ya kazi yote hiyo, jambo ambalo wapimaji wengi hawaliamini: ukuta si adui yako mkubwa. Kamera ikikosea nyuzi moja, ncha ya ukuta inasogea karibu au mbali kwa sentimita 4 hivi. Lenzi ya 16 mm kwenye f/4 ikilengwa mita 2 inashika ukali wa kiwango cha pikseli kuanzia kama mita 1.7 hadi 2.45. Sentimita 4 haizioni.

Sasa geuka utazame upande wa ndani ya kamera, ambako hesabu ni nyingine kabisa. Kwenye f/4 na pikseli za mikroni 6 (milimita 0.006), picha inaweza kukaa mbele au nyuma ya sensa kwa milimita 0.024 tu kabla haijaanza kulegea. Unywele wa mtu una unene kati ya milimita 0.05 na 0.1. Maana yake ni kwamba punje moja ya mchanga iliyobanwa kati ya pete ya chuma ya lenzi na ile ya kamera inatosha kuipindua lenzi kiasi cha kuua kona moja huku ukiacha nyingine safi. Adapta ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine, ikilegea, inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kila kufunga lenzi, futa pete zote mbili kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, pitisha kidole uone kama kuna kinachokwaruza, na ufunge mpaka usikie ule mlio wa kufunga. Ukifanya jambo moja tu katika maelezo haya yote, basi na liwe hilo.

Mpangilio wa kamera

Hapa hakuna siri. Faili za RAW (ghafi, ambazo kamera haijazichakata), ISO 100, mwanga kwa mkono, rangi imefungwa kwenye namba moja. Kizuia mtikisiko cha 16-35 kizimwe (17-40 haina), na kama kamera ina chake ndani nacho kizimwe. Piga kupitia kiwambo cha nyuma ili kile kioo cha ndani kisiruke, na tumia kuchelewesha kwa sekunde 2, au 10 kama tripodi yako ni nyepesi. Ukipiga ndani kwa taa za umeme, spidi iwe 1/50 au ya polepole zaidi. Umeme wetu wa hazi 50 hufanya baadhi ya taa zipepese, na fremu mbili za spidi kubwa zinaweza kutoka na mwanga tofauti.

Zima marekebisho yote ya lenzi ndani ya kamera: giza la kona, rangi za kingoni, mpindo wa mistari, na ile hesabu ya kuongeza ukali ambayo Canon huiita Digital Lens Optimizer. Kamera inaweza kuwa na data ya lenzi moja na isiwe na ya nyingine, na hapo utakuwa unalinganisha kioo na programu.

Fokasi, mara tatu

Fokasi ya otomatiki haikosei sana, lakini inatosha kukosea mara moja kwenye fremu moja ili lenzi nzima ihukumiwe. Lenga kwa mkono, kwenye karatasi ya katikati, lenzi ikiwa wazi kwenye f/4, umekuza mara 10. Zungusha pete upite mahali penye ukali, urudi, upite tena, na usimame katikati ya mipaka hiyo miwili. Bila kugusa tena pete piga f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, ukibadilisha spidi ili mwanga ubaki sawa.

Kisha haribu fokasi makusudi, ulenge upya na upige tano nyingine. Kisha mara ya tatu. Katika tatu hizo utachagua seti iliyo bora zaidi katikati, kwa kuwa unachotafuta ni kile lenzi inachoweza, si kile kidole chako kilichofanya asubuhi hiyo. Kama seti tatu zimetofautiana sana, mkono haujatulia na seti za nyongeza zinahitajika.

Seti ya nne ndiyo inayorukwa na wengi: lenga kwenye karatasi ya kona, si ya katikati, halafu piga f/4, f/5.6 na f/8. Lenzi pana mara nyingi haina uso wa fokasi ulio bapa; uso huo umepinda kama sinia. Milimita 0.05 za mpindo kwenye kona zinaonekana si kitu, lakini kwa lenzi ya 16 mm iliyolengwa mbali kabisa, zinatosha kuifanya kona ilenge mita 5 badala ya upeo wa macho. Kona ikiwa mbaya ulipolenga katikati, halafu ikawa safi ulipolenga kona yenyewe, kioo ni kizima, kimepinda tu, na f/8 itakuokoa mara nyingi. Ikiwa mbaya kote kote, hapo ndipo kioo chenyewe kimefika mwisho. Ni lenzi mbili tofauti kabisa kwa mnunuzi, ingawa katika jaribio la kulenga katikati peke yake zinafanana.

Kwa lenzi ambazo pete yake ya fokasi inaendesha mota badala ya kusogeza vioo moja kwa moja, kama zile za Canon zenye alama ya STM, usizime kamera wala usiiache isinzie katikati ya seti. Inapoamka fokasi inaweza kuwa imehama.

Ziite lenzi zako A na B. Mpangilio wa kupiga uwe A, B, kisha A tena. Hiyo A ya pili, fremu tano tu, ndiyo shahidi wako. Ikilingana na A ya kwanza, basi tripodi haikuhama na mwanga haukugeuka. Isipolingana, yote uliyopiga katikati hayana hukumu. Kabla ya kila seti piga karatasi iliyoandikwa jina la lenzi na ulipolenga; ukifika kwenye kompyuta ukiwa na fremu 41 za ukuta ule ule, utaona faida yake.

Ukuta peke yake hautoshi

Kazi nyingi za lenzi pana ni za mbali: mandhari, majengo, ukumbi mzima wa harusi. Lenzi inaweza kushinda mita 2 na kushindwa mita 500. Tafuta mahali penye kitu chenye maelezo mengi kuanzia kushoto hadi kulia, kama jengo refu lenye madirisha na antena, au ukingo wa mji unaoonekana kutoka juu ya paa. Nenda kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne hewa juu ya mabati na lami inacheza, na unachokipima ni joto.

Ukiwa pwani kuna la ziada. Lenzi iliyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi hupata mvuke mara tu inapotoka nje, wakati mwingine ndani ya vioo ambako kitambaa hakifiki, hivyo iache kwenye begi lililofungwa kwa nusu saa. Futa pia kioo cha mbele: tabaka jembamba la chumvi ya bahari halionekani kirahisi kwa macho, lakini linaiosha picha yote.

Njia bora ya mbali ni kutumia kitu kimoja, kwa mfano mnara wa simu. Uweke katikati ulenge, kisha bila kugusa fokasi geuza kamera mnara uingie kona ya juu kushoto, piga, kona ya juu kulia, piga, na kadhalika kona zote nne. Mnara ni ule ule na hewa ni ile ile. Tofauti kati ya kona na kona ni ya lenzi au ya pete ya kufungia. Usilinganishe mnara wa kona na ule wa katikati: lenzi pana huvuta na kurefusha vitu vya kona, hivyo maelezo yale yale yametandazwa juu ya pikseli nyingi zaidi. Kona ya A shindanisha na kona ya B.

Kusoma picha

Fungua RAW kwenye programu moja, marekebisho ya lenzi yakiwa yamezimwa, na namba moja ya ukali kwa faili zote. darktable na RawTherapee ni za bure na zinakuachia udhibiti huo. Kurekebisha mpindo ni kuzivuta pikseli za kona kama mpira, kwa hiyo usikuwashe kwa lenzi moja na kukuzima kwa nyingine.

Anza na f/16, si f/4. Tundu likiwa dogo hivyo mwanga wenyewe hutawanyika: nukta moja inakuwa doa la mikroni 21 hivi, pikseli tatu na nusu, na katikati ya picha lenzi nzuri na ya wastani zinakuwa kitu kimoja. Zikilingana, jaribio lako ni safi. Moja ikiwa mbaya wazi wazi katikati kwenye f/16, usikimbilie kuihukumu. Kuna mtikisiko, fokasi iliyopotea mbali, au kioo kichafu. Rudi ukapige upya. Kwenye f/8 doa hilo ni karibu mikroni 11, ndiyo maana lenzi nyingi pana hufikia kilele chake kati ya f/5.6 na f/8.

Sasa f/4, kwa ukubwa wa asilimia 100, picha mbili kando kwa kando. Kabla hujatazama kona, pandisha mwanga wake hadi weupe wa karatasi ulingane kwa lenzi zote mbili. Lenzi pana ikiwa wazi hutia giza pembeni, na giza linaficha ukali: herufi za kijivu juu ya kijivu huonekana laini hata zikiwa zimekatwa vizuri. Andika kwa kila sehemu mstari wa mwisho unaosomeka, wa karatasi iliyosimama na wa ile iliyolazwa. Kama kona ya A inasomeka saizi 18 wima na 18 mlalo, na ya B 14 wima lakini 24 mlalo, wastani wake hausemi chochote. B itang'aa kwenye mistari ya majengo na kuchafua majani ya miti.

Rangi za zambarau na kijani zilizoshika kingo za herufi ni hadithi tofauti. Hizo programu inazifuta kwa mbofyo mmoja, na herufi zinarudi kuwa kali. Usiihukumu lenzi kwa hizo.

Kona moja ikiwa mbaya kuliko zenzake, igeuze kamera juu chini kwenye tripodi na upige tena. Ubaya ukibaki kwenye karatasi ile ile ya ukutani, kosa ni la ukuta au la mwelekeo. Ukihamia kwenye karatasi ya upande wa pili, kosa liko kwenye lenzi au kamera. Na hapo kuwa na lenzi mbili kunakuwa bahati: kama lenzi zote mbili zina kona mbovu ile ile ya picha, huwezi kuzilaumu mbili kwa mpigo. Ni adapta, ni pete, au ni sensa iliyokaa kombo. Ikiwa ni moja tu yenye kona mbovu, kuna kioo ndani yake kimehama, labda ilidondoka. Hata zikiwa mpya, nakala hazifanani. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals huko Marekani, amelionyesha hilo kwa vipimo kwa miaka mingi. Ulichopima wewe ni 17-40 hii na 16-35 hii.

Jina la lenzi nalo linaathiri macho. Ukishajua kwamba moja ni mpya zaidi kwa miaka 11 na inasifiwa kwa kona zake, utaona unachotarajia. Mpe mtu mwingine abadilishe majina ya faili, X na Y, na usome herufi kabla hujaambiwa. Mwisho punguza picha zote mbili hadi pikseli 3000 kwa upana. Tofauti ikifutika hapo, mteja wa picha za harusi anayezitazama kwenye simu hataiona maisha yake yote, na fedha yako ina kazi nyingine. Isipofutika, unajua unacholipia.

Ukiwa na dakika kumi tu dukani

Kwenye duka la Kariakoo au katikati ya Nairobi hakuna atakayekuruhusu kubandika karatasi 18. Nenda na kamera yako, kadi tupu, tochi na kitambaa. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma, ukitafuta nyuzi za kuvu zinazotambaa kama mizizi. Vumbi kidogo si hoja. Futa pete, funga lenzi, simama mlangoni na ulenge jengo la ng'ambo lenye madirisha mengi, upana wa mwisho kabisa. Piga f/4 na f/8, kisha geuza kamera juu chini, upige f/4 na f/8 tena. Fanya vivyo hivyo na lenzi nyingine. Kuza kona zote nne za f/8. Kona moja ikiwa bado imelegea kwenye f/8 ilhali ya mkabala wake inakata, na ubaya umeifuata kamera ulipoigeuza, mrudishie muuzaji lenzi hiyo na umwombe nakala nyingine.